Kuhamia Dar es Salaam na watoto wadogo: anza na mtaa, mji utafuata

Tulihamia Dar kutokea Nakuru, mimi, mume wangu na watoto watatu, mdogo akiwa bado mgongoni. Tangu hapo napigiwa simu na familia zinazojiandaa kuja, nyingi za Kenya, siku hizi hata za Uganda na Burundi. Maswali hayatofautiani sana: tuishi wapi, watoto wasome wapi, tuanzie wapi? Ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo moja. Ninyi wazazi mnahamia Dar es Salaam, lakini mtoto wa miaka minne anahamia mtaa. Dunia yake ni geti la nyumba, njia ya dukani, mwembe wa jirani, shule, na nyumba mbili tatu ambazo anaweza kubisha hodi akakaribishwa. Vitu hivyo vikikaa karibu karibu, mtoto hutulia mapema kuliko mnavyodhani. Mkimtawanyia maisha, nyumba Tegeta, shule Upanga, kanisa au madrasa Mbagala, utoto wake utaishia kwenye foleni.

Kwa hiyo kila uamuzi nitakaoutaja hapa chini, upimeni kwa swali hilo: unamsogeza mtoto karibu na mtaa wake au unamtoa?

Karatasi

Chukueni vyeti halisi vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, pasi ya kila mmoja hata wa kunyonya, kitabu cha kliniki chenye rekodi za chanjo, ripoti za shule na barua ya uhamisho. Pigeni nakala, nyingine mzihifadhi kwenye simu. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau. Mtu anayetoka Kenya huulizwa kadi hiyo akiingia Tanzania, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja, na chanjo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa. Msiiache hadi wiki ya safari.

Kwa vibali, aliyeajiriwa huombewa kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi cha daraja B Uhamiaji. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, C ni la wanafunzi, watafiti, wamisionari na wengine wa namna hiyo. Mwenza na watoto huombewa kama wategemezi wa mwenye kibali. Maombi hufanyika mtandaoni, na ofisi mtakayoizoea hapa Dar ni ile ya Kurasini. Kabla hamjasaini ajira, mwajiri aandike nani analipia vibali vya watoto, ada ya shule, bima na kodi ya kuanzia. Mume wangu aliling'ang'ania hilo likaandikwa, na limetuokoa mara nyingi.

Jambo moja nalisisitiza kwa akina mama wenzangu. Uanachama wa Afrika Mashariki unarahisisha kuvuka mpaka wa Namanga, lakini haukupi ruhusa ya kufanya kazi wala biashara. Mtegemezi hafanyi kazi mpaka apate kibali chake mwenyewe. Isitoshe, Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo ndogo: rejareja, saluni, uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, udalali wa nyumba na nyinginezo. Usije na viti vya saluni kwenye lori ukidhani utafungua kibanda wakati watoto wako shule. Pangeni bajeti ya mwaka wa kwanza kwa mshahara mmoja.

Shule kwanza, nyumba baadaye

Wengi hutafuta nyumba nzuri, wakahamia, ndipo wakaanza kuulizia shule. Geuzeni. Basi la shule hapa huanza kuzunguka saa kumi na moja alfajiri, na mtoto anayechukuliwa wa kwanza asubuhi mara nyingi ndiye anayeshushwa wa mwisho jioni. Mtoto wa darasa la kwanza anayeamshwa saa kumi usiku hana nguvu ya kujifunza, wala ya kucheza na mtu mtaani akirudi. Binafsi, kwa mtoto aliye chini ya miaka minane, nachagua shule ya kawaida tunayoifikia kwa miguu kuliko shule yenye sifa iliyo upande wa pili wa mji. Mkubwa wangu anasoma hapa hapa tunapokaa, upande wa Kijitonyama. Tukikutana na mwalimu wake sokoni Mwenge wanasalimiana, na hilo kwangu lina thamani kuliko bwawa la kuogelea.

Mwaka wa shule huanza Januari kama Kenya, ila mihula ni miwili, na likizo ndefu ni katikati ya mwaka na Desemba. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na hazina ada. Za Kiingereza ni za kulipia, nyingi ni za watu binafsi au mashirika ya dini. Ziko pia za kimataifa, kwa mfano International School of Tanganyika iliyoanzishwa 1963, lakini ada zake zinamfaa mtu ambaye mwajiri ndiye analipa. Mkiambiwa ada, ulizeni na yasiyotajwa: basi, chakula, sare, sweta, rimu za karatasi, masomo ya ziada. Kwa kawaida hulipwa kwa awamu.

Mtoto atafanyiwa usaili, na huenda akarudishwa darasa moja nyuma kwa sababu ya Kiswahili. Msigombane na shule kwa hilo. Mtoto anayeanza mahali pageni akiwa na uhakika wa somo hupata marafiki haraka kuliko anayeanza akihangaika kufuatisha.

Yako mawili ambayo mzazi wa Kenya lazima ayaulize kwa kinywa chake mwenyewe. La kwanza ni viboko. Kwetu vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001. Tanzania sheria bado inaviruhusu, kwa masharti: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua, na viandikwe. Shule nyingi za kulipia zimeviacha, nyingine hazijaviacha. Kaa na mwalimu mkuu, mwambie msimamo wako kwa heshima, muulize msimamo wa shule, na mwombe auandike kwenye faili la mtoto. Mimi nilifanya hivyo kila nilipompeleka mtoto shule mpya, na hakuna mwalimu mkuu aliyenionyesha uso mbaya. La pili ni bweni. Mtaambiwa na watu wenye nia njema kwamba mtoto akae bweni ili kuepuka foleni. Tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na mimi nasema hata wasingezuia, mtoto aliyetoka kuhamishwa nchi asilale mbali na mama yake.

Tembeleeni shule saa ya kutoka. Angalieni nani anafungua geti na kama anamkabidhi mtoto kwa mtu anayemjua. Ingieni vyooni. Kunyweni maji wanayokunywa watoto.

Kukagua nyumba

Mkishaipata shule, choreni duara kichwani: mwendo wa mtoto kwa miguu, au bajaji fupi. Humo ndimo mtafute nyumba. Mtamhitaji dalali, na malipo yake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, pamoja na hela kidogo ya kuonyeshwa nyumba. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, wengine mwaka. Fanyeni hesabu mapema: nyumba ya 600,000 kwa mwezi ina maana mtatoa 3,600,000, juu yake 600,000 ya dalali, yaani 4,200,000 kabla hamjanunua hata godoro. Mkitajiwa kodi kwa dola, kataeni kwa upole. Kanuni za 2025 zinataka bei za ndani zitajwe na kulipwa kwa shilingi.

Nyumba ikaguliwe mchana wa jua kali, na kama mnaweza mrudi jioni. Mimi huenda na mche wa sabuni kwenye mkoba. Dalali anapoeleza habari za vigae na jiko la kisasa, mimi nafungua bomba la nje, nanawa. Povu likigoma kutoka, hayo ni maji ya kisima yenye chumvi. Nayaonja kwa ncha ya ulimi, kisha namuuliza jirani wa upande wa pili wa ukuta, simuulizi dalali, maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya mji, yanatoka siku gani za wiki. Ngozi ya mtoto mchanga haipendi maji ya chumvi, na nguo nyeupe za shule hazitakati. Nyumba iwe na tenki kubwa lenye mfuniko unaofunga vizuri. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua, mji wote uliishi kwa mgao, na walio na tenki ndio waliolala.

Baada ya maji naangalia kuta kwa chini. Rangi iliyobabuka kwa mstari ulionyooka, kiasi cha goti, ni alama kwamba maji ya mvua yaliwahi kuingia. Bonde la Msimbazi, Jangwani, Kigogo, hayo yanajulikana; lakini hata Mikocheni na Msasani ziko barabara ambazo masika hugeuka dimbwi. Naangalia chemba na shimo la choo liko wapi, maana watoto watacheza hapo hapo. Nasukuma kila wavu wa dirisha kwa kidole: ukipenya, mbu anapita. Pangaboi liwepo chumba cha watoto na lizunguke mbele ya macho yangu.

Halafu mita ya umeme. Iwe yenu peke yenu. Mita ya kuchangia na wapangaji wengine huleta ugomvi kila mwisho wa wiki. Umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, hununuliwa kwa simu, na msishangae mkinunua mkapata uniti pungufu mara moja kwa mwezi. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo. Kwa kuwa kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mnaweza kukubaliana naye namna ya kufidiana.

Mkataba uandikwe, utaje nani anatengeneza pampu, nani analipia kunyonywa kwa shimo la choo, na itakuwaje mkihama kabla ya muda. Mashahidi wazuri kuliko wote ni serikali ya mtaa, ambao ndio nataka kuwaeleza sasa.

Mtaa wenyewe

Hii ndiyo sehemu ambayo mgeni kutoka Nairobi au Nakuru anaipuuza, naye anapoteza. Kila mtaa una ofisi, mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji. Chini yao kuna wajumbe, ambao kila mmoja anazijua nyumba za eneo lake moja moja. Wiki ya kwanza, vaeni vizuri, nendeni ofisini na watoto wote. Onyesheni pasi na vibali, jiandikisheni, ombeni namba ya mjumbe wenu. Mtahitaji barua ya utambulisho ya ofisi hiyo kwa mambo mengi baadaye, kuanzia benki. Mtaelezwa pia mchango wa taka na wa ulinzi shirikishi. Lipeni kwa wakati, ombeni risiti.

Lakini faida kubwa ni ya watoto. Mjumbe wetu ni mama wa makamo. Siku tulipojitambulisha aliwatazama watoto wangu mmoja mmoja, akauliza majina, akauliza nani anapenda embe. Baada ya hapo mtoto wangu akionekana amefika barabara kubwa peke yake, nilikuwa napigiwa simu kabla sijajua kwamba katoka. Hakuna mlinzi wa kulipwa anayekupa hilo.

Kwa upande wenu, wafundisheni watoto kusalimu. Huku mtoto humpa shikamoo kila aliyemzidi umri kwa kiasi, si babu na bibi tu: muuza genge, fundi viatu, dada wa duka, dereva wa bajaji. Mkubwa wangu alikuja akiwa na miaka sita, mwenye aibu, amezoea kumpungia mtu mkono tu. Nilimshika mkono tukawa tunapita njia ile ile kila jioni kwenda gengeni. Mimi nasalimu kwanza, nanyamaza, nangoja. Jioni za mwanzo alijificha nyuma ya khanga yangu. Kisha jioni moja, mama wa genge akiwa ameinama anapanga mafungu ya nyanya, sauti ndogo ikatoka: "Shikamoo." Mama yule akainuka, akaacha biashara yake, akaitikia "Marahaba mwanangu, hujambo?" kwa uso uliofunguka wote. Akampa kipande cha muwa. Tangu jioni hiyo nikimtuma chumvi anakwenda mwenyewe, nikimwangalia kutoka getini. Nanyi wakubwa punguzeni haraka. Hapa mtu akiingia dukani anasalimu, anaulizwa za nyumbani, ndipo anasema "naomba mkate". Mtoto anaiga anachokiona.

Kukiwa na msiba jirani, nendeni. Mama akae na akina mama, baba na wenzake nje kwenye viti, hata kwa nusu saa, na mchango kidogo. Mwezi wa Ramadhani, wafundisheni watoto wasitafune mbele ya wenzao waliofunga, na wakiitwa futari waende. Watoto wangu ni wa Sunday school, na wanaijua ladha ya kaimati za jirani kama wanavyojua pilau ya Krismasi tunayompelekea.

Mwili wa mtoto wa baridi

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Dar iko baharini. Kuanzia Desemba hadi Machi joto hupita nyuzi 30 na unyevu unafanya usiku usipumzike. Kama mnaweza kuchagua, njooni Juni au Julai, wakati wa kipupwe, ili miili izoee taratibu. Ila mkija Januari kwa ajili ya shule, waogesheni watoto asubuhi, adhuhuri na kabla ya kulala, wavae pamba nyepesi, godoro liwe na shuka tu. Vipele vya joto hutokea shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mtoto mchanga. Maji ya kawaida na hewa vinatosha kwa vingi, na msivifunike kwa mafuta mazito. Wapeni maji kila mara bila kungoja waombe. Anayenyonya chini ya miezi sita, mnyonyesheni zaidi, hahitaji maji. Maji ya kunywa yachemsheni au nunueni madumu ya maji safi.

Mbu ndio jambo ninaloliogopa na nataka mliogope pia. Watoto wa nyanda za juu hawana kinga ya malaria hata kidogo. Chandarua chenye dawa kwa kila kitanda, kichomekwe chini ya godoro kabla giza halijaingia, bila mapumziko mwaka mzima. Mtoto akichemka, apimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika kama 20. Msimpe dawa ya malaria bila kipimo, na mkiambiwa anayo, mseto wa ALu umalizwe wote hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Kipimo kikikataa malaria na homa ipo, kumbukeni dengue. Dar ilipata milipuko mikubwa 2014 na 2019. Mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama: ndoo, tairi, kisahani cha ua, tenki lililo wazi. Zungukeni uwanjani kila Jumamosi mkimwaga. Kwa homa ambayo haijajulikana, mpeni mtoto paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, na kaeni mbali na aspirini, ibuprofen na diclofenac, kwa sababu dengue inaweza kuleta kutoka damu na dawa hizo huizidisha hatari hiyo. Homa ya dengue inaposhuka ndipo pa kuwa macho: tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, damu puani au kwenye fizi, mkimbizeni hospitali. Na kwa homa yoyote ile, mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea haamki vizuri, haongojewi asubuhi.

Mvua zikianza na kuhara huja. Muwe na pakiti za ORS, chumvi za kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki nyumbani. Zinki hutolewa hata baada ya kuhara kukoma, siku 10 hadi 14 kama mtakavyoelekezwa.

Kliniki ya chanjo hakuna shida. Nendeni zahanati ya serikali iliyo karibu na kitabu chenu cha Kenya, nao watamfungulia mtoto kadi na kuendelea alipoishia. Ratiba zinafanana sana, surua na rubela ni miezi 9 na 18 kama kwetu. Hospitali ya rufaa ya mkoa kwa upande wetu wa Kinondoni ni Mwananyamala, Ilala ni Amana, Temeke ni ya Temeke, na Muhimbili ndiyo ya taifa. Kuhusu bima, hakikisheni majina ya watoto yamo, kila mmoja kwa jina lake, na kwamba hospitali iliyo ndani ya duara lenu inaipokea. Nendeni mkaulize dirishani kabla ya kuumwa.

Chakula na barabara

Chakula hakisumbui. Unga upo, wa sembe na wa dona. Mboga ni mchicha, matembele na kisamvu kuliko sukuma. Samaki ni wa soko la Feri alfajiri, au wa muuzaji anayepita na ndoo mkishamzoea. Maziwa ya pakiti yapo, na mtindi. Ila kwenye unga wa lishe wa mtoto muwe waangalifu: karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hupata sumukuvu, ambayo 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Chambueni wenyewe, tupeni iliyosinyaa na yenye ukungu, na msisage unga wa miezi mitatu kwa pamoja.

Barabarani sheria ya nyumba yetu ni fupi: mtoto hapandi bodaboda. Hata kituo kimoja. Bajaji ndiyo, akae katikati ya wakubwa wawili. Mwendokasi, mabasi yenye njia yake maalumu, ni mzuri nje ya saa za kazi, asubuhi na jioni watoto wanabanwa. Laini ya simu msajili duka rasmi kwa pasi na alama za vidole, mfungue na akaunti ya pesa. M-Pesa yenu ya Kenya haitawalipia genge.

Lugha na kumiss nyumbani

Watoto wa Kenya bara wanakuja na Kiswahili cha haraka, kimechanganyika na Kiingereza. Wenzao watacheka siku za mwanzo. Ongea na mwalimu asimsimamishe mtoto kusoma kwa sauti mwezi wa kwanza, na mwacheni acheze nje kila jioni, mdako, kombolela, mpira wa makaratasi. Lugha itakuja kupitia michezo hiyo kuliko masomo ya ziada. Lugha ya kwenu msiiache. Jumapili jioni tunampigia bibi yao Nakuru, na ni sharti waongee naye Kikuyu, hata kama ni sentensi za kuvunjika.

Wa kati wangu ndiye aliyepata shida. Alianza kukojoa kitandani, akawa hataki kula ila chapati, akauliza kila usiku kama mbwa wetu bado anatukumbuka. Tulipunguza matembezi yote. Wiki nzima ikawa shule, nyumbani, gengeni, nyumbani, kwa saa zile zile. Tulimtafutia rafiki mmoja tu, mtoto wa nyumba ya pili, akawa anakuja kula kwetu na yeye anakwenda kwao. Hatukumkemea wala kumsimanga kwa kitanda. Ilipita. Mkiona haipiti baada ya miezi, au mtoto ameacha kabisa kucheza, mwoneni daktari wa watoto.

Mji wenyewe mtaufungua pole pole mwisho wa wiki: Kijiji cha Makumbusho barabara ya Bagamoyo, Coco Beach asubuhi kabla jua halijapanda, maonyesho ya Sabasaba mwezi wa saba, boti ya kwenda Mbudya wakishakuwa wakubwa kidogo. Baharini mtu mzima awe ndani ya maji na mtoto, akiwa amemfikia kwa mkono. Kukaa ufukweni na simu hakuhesabiki.

Msaidizi wa nyumbani mkimtafuta, apatikane kupitia majirani au mjumbe, awe mtu mzima, mwandikiane mkataba, na mumtambulishe ofisi ya mtaa kama mlivyojitambulisha ninyi. Mpeni wiki mbili akiwa nanyi nyumbani kabla ya kumwachia watoto.

Mwisho, andikeni karatasi kwa herufi kubwa, muibandike mlangoni kwa ndani, kimo cha macho ya mtoto: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, namba ya baba, ya mama, ya mjumbe, ya jirani wa kulia, na ya dereva wa bajaji mnayemwamini usiku. Chini yake jina la mtaa wenu na alama inayojulikana: karibu na msikiti gani, shule gani, duka la nani. Nyumba nyingi hapa zinaelekezwa kwa alama. Mzoesheni mtoto kuyasema hayo kwa moyo. Wangu wa miaka mitatu alikuwa akiyaimba bafuni.